Ndugu wa Damu Wapimwe

Mdogo wangu alitoka katika chumba cha kipimo akiwa ameshikwa mkono na muuguzi, macho yamelegea kwa dawa ya usingizi. Aliponiona kwenye benchi akacheka.

"Dada, wamekitoa," alisema. "Kumbe kenyewe kadogo kama harage. Mwenzio nina njaa!"

Nilisimama nikamkumbatia. Mikono yangu ilifanya kila kinachotakiwa na mikono ya dada: ilimpapasa mgongo, ikamnyoosha kola, ikamfunga kifungo alichokisahau. Kiunoni kwangu, ndani ya kifuko nilichokishona mwenyewe, kulikuwa na chupa ya dawa iliyokuwa ikinidondokea polepole mshipani, tone kwa tone, kwa siku mbili nzima. Ilikuwa dozi yangu ya saba. Yeye alikuwa amelala nusu saa, wakaingiza kamera, wakakiona kinyama kwenye utumbo mpana, wakakikata, wakamwamsha. Sasa alitaka kula.

Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu amepona kabla hajaugua. Nimeshindwa kulisema kwa namna iliyo nzuri kuliko hiyo, na miaka minne imepita.

Nyumbani tulimwita Yai. Baada yangu mama alipoteza mimba mbili, na huyu alipokuja, miaka sita nyuma yangu, hakuna aliyethubutu kumkanyagisha chini. Alibebwa kama yai, jina likamganda mpaka likaingia hata kwenye kibao cha shule yake ya udereva. Ndiyo, mdogo wangu ni mwalimu wa udereva. Ana sauti ya kumtuliza mtu aliyeshika usukani kama anashika nyoka, na kicheko kinachofika kabla yake. Mimi ni fundi cherehani. Chumba cha kazi nilirithi kwa baba, pamoja na mashine mbili na meza ndefu ya kukatia ambayo ukingo wake umelika pale tumbo lake lilipokuwa likiegemea. Mume wangu alifariki kabla hatujajaaliwa mtoto. Mama niliishi naye mimi. Nilimpikia, nikamkata kucha, nikampeleka kliniki ya macho, na kila jioni aliponiona naingia mlangoni aliniuliza swali lile lile: "Yai hajapita?"

Basi mtu akiniuliza wivu wangu ulianza lini, sina tarehe.

Ugonjwa nao sina tarehe yake. Najua niliona damu chooni kwa miezi minane na nikaiita bawasiri, kwa kuwa bawasiri ni neno unaloweza kulala nalo. Tumbo lilikuwa linafunga siku nne, kisha linafungulia bila adabu. Sketi zangu niliziingiza kiunoni mara mbili kwa mikono yangu mwenyewe, nikijisifu mbele ya kioo kwamba umbo la usichana linarudi. Fundi mzima, nimepima miili ya watu kwa miaka thelathini, sikuuona wangu ukipungua. Mpaka siku nilipopanda ngazi tano tu za duka la vitambaa nikalazimika kukaa chini, na mwenye duka akaniambia midomo yangu ni myeupe kama bitana.

Daktari wa saratani alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba, asiyependa kuzungukazunguka. Alichukua karatasi akanichorea bomba lililojikunja. "Huu ni utumbo mpana. Uvimbe ulianzia hapa, kushoto. Damu ikitoka kwenye utumbo haiendi popote kabla ya kupita kwenye ini. Kwa hiyo chembe zikibanduka, ini ndilo la kwanza kuzipokea." Akachora ini kama viazi viwili vilivyoshikana, akatia nukta tatu. "Zako ziko tatu. Ndiyo maana tunasema hatua ya nne."

"Kuna hatua ya tano?"

"Hakuna."

Nilitazama zile nukta. Zilikuwa ndogo, angeweza kuwa amegusisha kalamu kwa bahati mbaya.

"Inatibika?" niliuliza.

"Inatibika," alisema. "Kupona ni neno jingine. Sitakunyima neno hilo, lakini sitakupa leo." Akanieleza kwamba tutaanza na dawa za mshipani, kila baada ya wiki mbili, kujaribu kuzisinyaza zile nukta. Kipande cha uvimbe kitapelekwa maabara kuangaliwa vinasaba vyake, ili wajue kama kuna dawa nyingine ya kuongeza inayokifaa. Baada ya miezi kadhaa watanipiga picha upya, ndipo tutazungumza kama kisu kinawezekana. Kisha akaniuliza wazazi wangu walikufa na nini.

"Mama yupo. Baba alikufa na tumbo."

"Tumbo lipi?"

Hatukuwahi kujua. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikonda, akavimba, akafa, na watu wote waliokuja kuzika walisema tumbo.

Daktari aliandika kitu, akapiga muhuri, akanikabidhi. "Una ndugu?"

"Mdogo wangu mmoja."

"Hii mpe. Asichelewe. Kwake yeye tunaweza kuwahi."

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari miwili. Ndugu wa damu wa mgonjwa huyu, baba mmoja mama mmoja, wapimwe utumbo mpana mapema. Nilirudi nayo dukani kwangu, kwenye kile chumba cha kushonea. Nikafungua droo ninamoweka karatasi za mikato, nikaitia chini kabisa, chini ya mikono ya kanzu na makola ya sare za shule.

Ningependa kusema nilisahau.

Nilipomweleza mama ugonjwa wangu, tulikuwa jikoni, asubuhi, yeye anachambua mchele. Vidole viliendelea kutafuta vijiwe. Halafu akasema, "Yai anajua?"

"Bado."

"Usimwambie kwa ghafla. Unamjua alivyo. Ana watoto wadogo."

Watoto wenyewe, mabinti wawili walioniita mama mkubwa, mmoja alikuwa na miaka kumi na sita. Nilisimama pale na saratani yangu ya hatua ya nne nikaambiwa niipeleke taratibu kwa Yai, isije ikamshtua. Hapo ndipo nilipofunga ile droo kwa kweli. Kabla ya hapo nilikuwa nimeisogeza tu.

Ugonjwa nilimwambia siku ileile, kwa simu, kwa makusudi, ghafla. Habari ya karatasi sikuisema. Nilijipa visingizio: nisimtie hofu, ngoja nianze dawa kwanza, mama mwenyewe kasema taratibu. Lakini nikiwa peke yangu, nikikata kitambaa, nilijua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na kitu kikubwa ambacho ni changu peke yangu, na sikutaka Yai agawiwe hata kipande.

Alijigawia mwenyewe. Siku ya dozi ya kwanza nilitoka nje ya geti nikakuta gari lake la kufundishia, lenye kibao cha herufi L juu ya paa na breki ya pili upande wa abiria. "Panda, na usikanyage kitu," alisema. Akanipeleka siku ile, na nyingine zote. Nilitaka aniache mlangoni, aliingia. Mara ya tatu alikuwa anawajua wauguzi kwa vituko vyao. Mara ya nne alikuwa anamfundisha mzee wa kiti cha jirani namna ya kuachia klachi, mguu juu ya chupa tupu ya maji, na mzee huyo, ambaye hakuwa amezungumza na mtu tangu tuanze, alikuwa anacheka mpaka dripu inatikisika. Siku moja Yai alichelewa kupata maegesho, nikaingia peke yangu. Muuguzi aliinua kichwa, akatazama nyuma yangu, akauliza: "Yuko wapi mwenzio leo?" Kisha akamwita mwenzake: "Dada yake Yai kafika, mwandalie kiti."

Katika wodi ya saratani, mahali ambapo mgonjwa ni mimi, nilijulikana kama dada yake Yai.

Wakati huo dawa zilikuwa zimeanza kunila vidole. Nikigusa maji ya baridi nilihisi kama nimeshika waya wa umeme. Baadaye ganzi ikakaa, ikawa haitoki. Nilikuwa nadarizi gauni jeupe la harusi nikaona alama nyekundu kwenye kitambaa, moja, mbili, tatu, nikashangaa imetoka wapi. Nilikuwa nimejichoma sindano mara tatu bila kusikia. Nililia siku hiyo kuliko siku ya zile nukta. Na hata katika kulia nilimwona Yai akilini, anashika usukani kwa vidole vyake vizima.

Siku ya dozi ya sita daktari alituita ofisini kwake, mimi na Yai. Alipitia majibu ya damu, akaniuliza ganzi imefika wapi, akasema atapunguza dawa moja. Kisha akamgeukia mdogo wangu kana kwamba anamuuliza saa.

"Na wewe kipimo chako kilisemaje?"

Yai hakunitazama. Hakukunja hata uso. Wiki kumi na moja za ile karatasi kukaa drooni zilipita katika chumba kile kwa muda wa kupepesa jicho.

"Bado, daktari," alisema. "Kazi zilinibana. Nilikuwa nataka nikuombe unipangie."

"Niliandika mapema iwezekanavyo."

"Najua. Kosa ni langu."

Njia nzima ya kurudi alizungumza kama anavyozungumza na wanafunzi wake, ila alikuwa akijiambia mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Kioo. Ishara. Ngoja huyo apite. Haya." Alinishusha getini, akahakikisha nimeshika komeo, akaondoka. Ningefurahi angenitukana.

Ndivyo tulivyofika kwenye lile benchi, wiki mbili baadaye, na harage lake. Daktari aliyempima alitoka kutufahamisha. Kinyama cha aina ile, alisema, kingeachwa kingekaa kimya miaka kadhaa, halafu kingegeuka. Sasa kimetoka kizima. Atarudi kupimwa kila mwaka. Akampa Yai mkono, kisha akanigeukia. "Umemwokoa mdogo wako," alisema. Sijui kama kuna neno la shukrani lililowahi kunichoma vile.

Mama alikuwa ametusubiri mlangoni. Alimshika Yai mashavu, akamtazama ulimi kama mtoto, akamketisha. Alimpakulia chakula. Yai alieleza habari za kamera kwa mikono yote miwili mpaka mama akajifunika uso kwa kucheka. Kisha mama akafuta machozi, akatazama juu, akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani yuko peke yake na Mungu wake:

"Ahsante. Umeniachia mmoja."

Yai aliacha kutafuna.

Niliinuka nikaenda chumbani nikakaa kitandani, chupa yangu kiunoni, nikasikiliza vijiko. Mama hakuwa na ubaya. Alikuwa amehesabu tu, kama mama yeyote angehesabu, na hesabu ikampa jibu ambalo mimi nilikuwa nalijua tangu nina miaka sita.

Kesho yake mchana Yai alikuja dukani. Nilikuwa nimekaa mbele ya mashine bila kushona. Akafunga mlango, akageuza kile kibao cha "Tumefunga," akaegemea meza ya baba.

"Haya," alisema. "Nieleze."

Nilikuwa nimeandaa la kumwambia. Habari ya kutomtia hofu, habari ya mama. Lakini nilichoka ghafla, uchovu wa dawa na uchovu mwingine, na nikaona sina nguvu ya kushona uongo unaomkaa vizuri.

"Nilikuonea wivu," nilisema. "Nilipewa karatasi nikaificha. Hukupungukiwa na kitu tangu uzaliwe. Nilitaka hiki kiwe changu."

"Saratani?"

"Ndiyo."

"Nina watoto wawili, dada." Alilisema polepole. "Ungenizika. Ungekuja kunizika huku unajua."

"Sikuwaza mpaka huko."

"Uliwaza. Wewe si mjinga." Uso wake ulikuwa umejaa madoa mekundu, sijawahi kumwona na hasira tangu utotoni na nilishangaa kuona haimpendezi, inamfanya afanane na mimi. "Unajua kwa nini nakuja na wewe kule kila wiki mbili? Unadhani napenda harufu ile?"

"Unapenda kupendwa."

Alicheka, lakini si kile kicheko chake. "Baba alipougua mlinipeleka kwa shangazi. Miezi mitano. Kila nikiuliza naambiwa kalala, anapumzika, utamchosha. Wewe ulikuwa chumbani. Wewe ulimwosha, wewe alikupa maneno yake, alikuonyesha mpaka jinsi ya kutia mafuta hizi mashine. Mimi nililetwa kuzika. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nikaonyeshwa shimo." Akapiga meza kwa kiganja, mara moja, si kwa nguvu. "Nilijiapiza safari nyingine nitakuwa ndani. Na wewe ukanifungia mlango uleule."

Ile miezi mitano ilikuwa miezi mibaya kuliko yote niliyoijua. Mabeseni, mashuka, baba akiomba radhi kwa kila kitu. Haikuwahi kunipitikia kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuitamani.

"Nisamehe," nilisema.

"Si leo," alisema Yai, akatoka. Kile kibao alikiacha vilevile. Sikukigeuza mpaka jioni.

Dozi ya nane nilipelekwa na shemeji, mume wake, mtu wa maneno matatu kwa siku. Alinisubiri ndani ya gari. Muuguzi aliuliza Yai yuko wapi nikasema ana kazi. Mzee wa kiti cha jirani alikuwa ameweka mguu juu ya chupa yake, tayari, akitazama mlango. Nilikuwa nimepata nilichokitaka: kiti changu, dripu yangu, ugonjwa wangu wote mzima. Saa nne zile zilikuwa ndefu kama wiki.

Baada ya wiki tatu za ukimya ikafika siku ya majibu ya picha. Nilikaa mbele ya daktari peke yangu. Alikuwa amegeuza kompyuta ili nione, na mimi nilikuwa nakodolea vivuli bila kuelewa, mlango ukagongwa na kufunguka kabla hajaruhusu. Yai aliingia. Alivuta kiti akakiweka kando ya changu, akaweka mkoba wake sakafuni.

"Samahani, daktari. Endelea."

Daktari akaendelea. Nukta zimesinyaa, zote tatu, na hakuna mpya. Sasa kisu kinawezekana. Wangetoa kile kipande cha utumbo chenye uvimbe, wangekata nukta mbili za ini, na ya tatu, iliyojificha karibu na mshipa mkubwa, wangeichoma kwa sindano ya moto. Huenda nikaamka na mfuko wa choo tumboni, wa muda au wa kudumu, hataahidi. Ini hukua tena. Katika viungo vyote ndicho chenye moyo huo. Lakini ugonjwa nao huweza kurudi, na kwa wengi walio kama mimi hurudi, zaidi ya nusu yao. Kama sitaki kisu, tungeweza kuendelea na dawa kwa kiwango chepesi, kuushika usisonge, mwaka, labda miwili, labda zaidi, huku tukichunga vidole vyangu. "Na unaweza kusema imetosha," alisema. "Tukaacha dawa kali. Tiba shufaa si kukutupa. Ni timu kamili, ya maumivu, ya usingizi, ya kula, ya kukufanya ukae nyumbani kama mtu. Hao ningependa uwaone hata ukichagua kisu."

Kichwa kilikuwa kinanivuma. Maneno yote nilikuwa nimeyasikia na hakuna hata moja lililokaa. Nilimgeukia Yai. Nilitegemea aseme kisu, kwa ile sauti yake, na mimi nikatae kwa sababu amesema yeye.

"Akikataa kukatwa," Yai alimuuliza daktari, "kuna mtu hapa atamlaumu?"

"Hapa? Hakuna."

"Nilitaka alisikie hilo tu." Akafungua mkoba, akatoa kalamu na daftari ambalo nyuma yake kulikuwa na alama za barabarani. "Sasa rudia kuhusu ule mfuko wa choo. Polepole. Nieleze kama mwanafunzi wa siku ya kwanza."

Daktari alirudia. Yai aliandika. Aliuliza mfuko hukaa wapi, hubadilishwaje, mtu anaweza kuinama kwenye mashine? Aliuliza nitakaa hospitali siku ngapi na nani ataruhusiwa kulala. Nilimsikiliza akiuliza maswali niliyoyaogopa, moja baada ya jingine, na kila moja likipata jibu lilikuwa linapungua ukubwa. Katika yote hayo hakuniambia nifanye nini. Tulipotoka kwenye korido nilimwambia nimechagua kisu. Akasema, "Haya." Akasema pia, "Bado sijakusamehe." Nikamwambia najua. Akanishika kiwiko tukashuka ngazi.

Nieleze sasa yalivyokuwa, nisimwache mtu akingoja. Walitoa walichosema watatoa. Mfuko nilikaa nao miezi saba, nikauzoea kama unavyomzoea mpangaji mwenye kelele, kisha wakaurudisha utumbo mahali pake. Mwaka na nusu nilikuwa safi. Halafu alama moja ikaonekana kwenye pafu, na tangu hapo ninameza vidonge, ninapigwa picha kila baada ya miezi mitatu, na daktari na mimi tumekubaliana kutumia neno kushikilia. Vidole viliamka nusu. Nguo za harusi niliacha, sare nashona. Yai amepimwa tena mara tatu, na mara zote tatu nilikaa nje kumsubiri, na mara zote tatu alipotoka na kusema "safi" nilihisi kitu kikijikunja chini ya mbavu. Kimekuwa kidogo. Sijidanganyi kwamba kimeondoka. Aliponisamehe sikujua, siku moja niligundua tu kwamba amekwisha kunisamehe zamani na hakuona haja ya kunitangazia.

Lakini ninayoikumbuka kuliko yote ni asubuhi ya upasuaji.

Mama hakuweza kuja hospitali, miguu ilimkataa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala bila kumuaga kwa maneno, lakini alfajiri nilimkuta sebuleni anapiga pasi gauni langu la kulalia. Alilikunja, hakuridhika, akalikunjua akalipiga pasi upya. Mama aliyekuwa haoni vizuri, alipitisha kiganja juu ya kila mshono, mishono yangu, akitafuta mkunjo. Alinipa gauni bila kuniuliza habari za mtu mwingine yeyote. Nililishika kifuani njia nzima.

Wodini walinipa kitanda cha dirishani. Yai hakuwa amelala wala kula. Alikuwa wa kijivu midomoni, na alipojaribu kunifunga kamba za lile vazi la hospitali aliishia kufunga fundo ambalo nilijua watalikata kwa mkasi. Kizunguzungu kikampata. Nilimlaza mimi kitandani kwangu, nikamwinulia miguu juu ya mto, nikamfunika shuka, nikajitanda khanga juu ya lile vazi, nikachukua kiti.

"Aibu gani hii," alisema, macho amefumba.

"Nyamaza. Pumua."

Ndivyo alivyotukuta muuguzi wa chumba cha upasuaji, kijana wa kike tusiyemjua, ana faili kwapani na haraka zake. Akatazama kitanda. Akamwona mwanamke mwenye rangi ya majivu, amelala chali, dada mtu yuko kando anamshika mkono. Akasoma jina la ukoo, ambalo ni letu sote. Akauchukua mkono wa Yai akaanza kumvalisha kifundoni ule utepe wenye jina la mgonjwa anayekwenda kukatwa.

Nilisubiri Yai acheke. Nilisubiri auvute. Alikuwa amefumbua macho, ananitazama mimi, na mkono wake aliuacha palepale kwenye vidole vya muuguzi, umelegea, kana kwamba kama sote watatu tungenyamaza kidogo tu, jambo lile lingeweza kupita.

"Siye huyo," nilimwambia muuguzi. "Ni mimi."

Nikakunja mkono wa lile vazi, nikampa wangu.